Babu Haingii Ghalani

Wiki iliyopita Bibi alitutumia maharage kwa basi. Mama akaniambia niyamwage kwenye beseni niyachambue, na nilipofungua tu kile kiroba, harufu ya majivu ikanipanda puani. Kama bibi yako naye huhifadhi maharage kwa majivu, unajua ninachosema. Si harufu nzuri hasa. Ni harufu ya moshi wa zamani, ya gunia, ya kitu kikavu kilichokaa gizani kikisubiri zamu yake. Nikakaa kwenye sakafu ya jikoni kwetu hapa mjini, Themi, beseni katikati ya miguu, nikasahau kuchambua.

"Umeona mdudu?" mama akauliza.

Nikasema hapana. Sikumwambia kwamba wakati ule nilikuwa nimesimama ndani ya stoo ya Bibi, nikiwa mdogo, na Babu yuko nje ya mlango amenigeuzia mgongo.

Babu hayupo tena. Tulimzika msimu wa kahawa uliopita, pale pale shambani kwake. Kwenye msiba watu wazima walisimama mmoja mmoja wakaeleza wanavyomkumbuka, mimi nikashindwa, maana mbele za watu ulimi wangu huwa unalala. Basi nayaandika hapa, kwa wenzangu wa rika langu, hasa wewe ambaye mwalimu akiuliza swali unainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haijafunguka.

Nilipelekwa kwa Bibi na Babu nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Mama alikuwa amepata kazi ya kushona sare za shule mjini, na chumba alichopanga kilikuwa kinamtosha yeye na cherehani. Kwa Bibi ni juu, kwenye miteremko ya Meru, mahali ambapo asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye migomba na unasikia ng'ombe wa jirani kabla ya kumwona. Nilipapenda kuanzia siku ya kwanza. Nilipenda hata baridi yake.

Nina jina la Bibi. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi, na kwa hiyo Babu hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Bibi Mdogo. "Bibi Mdogo, maji ya kunawa." "Bibi Mdogo, umekula?" Mimi nilijibu kwa kichwa. Ndivyo nilivyokuwa. Nyumbani nilikuwa na maneno machache, shuleni sikuwa na hata moja. Madam aliyetufundisha Kiswahili akiita jina langu nilisimama, na nikishasimama nilibaki hivyo hivyo, mpaka achoke aseme kaa. Darasa zima likaniita Nguzo.

"Madam, usihangaike, hiyo ni Nguzo," alikuwa anasema Lota, mvulana wa dawati la mbele, na wote wanacheka.

Madam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni, Mrangi wa Kondoa, amepangiwa shule yetu mwaka ule ule, na baridi ya huku ilimfanya avae sweta juu ya baibui mpaka saa sita mchana. Siku moja alimsubiri Bibi nje ya kanisa, akamwambia kwa upole kwamba hajui anipe alama gani, kwa sababu hajawahi kusikia sauti yangu. Kama hali itabaki hivyo mpaka kufunga shule, sitapanda darasa na wenzangu.

Bibi akampigia mama simu. Bibi hakuamini kuweka simu sikioni, aliiweka mezani na kuipigia kelele, kwa hiyo nilisikia yote nikiwa namenya ndizi.

"Basi wakifunga nakuja kumchukua," mama akasema. "Kuna shule ya bweni kule Kisongo. Akikaa na wenzake usiku na mchana atachangamka."

"Mtoto hana shida," Bibi akasema.

"Mama, mtoto hasemi."

Na mimi, kwa uzembe wangu, nilikuwa na majibu mengi na yote yakabaki kooni. Bweni. Nililiona kichwani kama chumba kirefu chenye wasichana ambao wote wanataka kunisemesha. Usiku ule sikutaka hata loshoro, na loshoro ya Bibi, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa mgando, hakuna aliyewahi kuiacha.

Sasa nieleze kuhusu ghala, maana ndilo lililoniokoa.

Kitabuni linaitwa ghala. Sisi nyumbani tuliita stoo, na Bibi alikuwa na neno lake la Kimeru ambalo nikilitamka hadi leo wajomba wanacheka. Kilikuwa chumba cha mbao nyuma ya jiko, hakina dirisha, sakafu yake imeinuliwa kwa mawe ili unyevu usipande. Mle ndani kulikuwa na magunia ya mahindi, ndoo za maharage yenye majivu, magimbi chini kwenye mchanga, na mikungu ya ndizi iliyofunikwa kwa majani makavu ili iive taratibu. Juu, kwenye boriti, yalining'inia mahindi ya mbegu, meusi kwa moshi uliopenya kutoka jikoni. Ukiingia kutoka juani ulikuwa kipofu kwa muda, halafu vitu vinaanza kujitokeza kimoja kimoja kama wageni wenye haya.

Jambo lililonisumbua ni kwamba Babu hakuwa anaingia. Kamwe. Alibeba gunia kutoka shambani, akalitua kwenye kizingiti, akaenda zake kunawa. Bibi na mama wadogo ndio waliolivuta ndani. Akitaka kamba iliyokuwa mle, alisimama mbali na kumwambia Bibi, "Mama Eli, naomba kamba," kama mtu anayeomba kwa jirani. Siku moja kuku aliingia. Babu alisimama mlangoni kwa muda mrefu sana, uso ameugeuzia pembeni, akimbembeleza kuku atoke kwa hiari yake.

Nikaelewa kwa akili yangu. Shuleni, mwanafunzi aliyekosa anasimamishwa nje ya mlango. Kwa hiyo Babu yuko kwenye adhabu. Amefanya kitu mle ndani, pengine amekula kitu, na Bibi hajamsamehe. Nilimwonea huruma kiasi kwamba kila nikipewa ndizi mbivu nilimpelekea nusu. Alikula bila kuuliza.

Mwishowe nikajikaza. Alikuwa ananoa panga chini ya paa la jiko.

"Babu, ulifanya kosa gani?"

Akaacha kunoa. Nadhani lilikuwa swali refu kuliko yote niliyowahi kumuuliza. "Wapi?"

Nikanyoosha kidole stoo.

Akaitazama stoo, akanitazama mimi. "Nilioa," akasema, akaendelea kunoa.

Nilimwamini. Kwa muda mrefu kila harusi iliyotoka kanisani, watu wanapiga vigelegele, mimi nilikuwa namwangalia bwana harusi na suti yake na kuwaza, masikini, hajui kinachomngoja.

Halafu mama mdogo wa Nduruma akajifungua kabla ya siku zake, na Bibi akaondoka haraka kwenda kumhudumia. Alituachia chakula jikoni cha kututosha mpaka arudi, ila mtoto akasumbua na yeye akachelewa. Asubuhi moja Babu alifunua sufuria, akafunua na nyingine, akanitazama.

Tukaenda mpaka mlango wa stoo. Akausukuma, kisha akageuka, akaupa mgongo, akawa anaangalia mibuni.

"Bibi Mkubwa hayupo," akasema. "Bibi Mdogo, ingia. Uniambie unachoona."

Nikaingia. Nilipoanza kuona, nikanyoosha kidole kwenye ndoo ya maharage.

"Umenyamaza," Babu akasema. "Unaninyooshea kidole? Mgongo wangu hauna macho."

"Maharage," nikasema.

"Maharage yamefanyaje? Yanalia? Yamekaa? Sema yote, mimi niko nje huku."

"Maharage yako kwenye ndoo ya buluu."

"Enhe. Na hiyo ndoo iko wapi?"

"Ndoo iko nyuma ya gunia lenye kiraka. Ina mfuniko. Juu ya mfuniko kuna jiwe."

"Utaliweza hilo jiwe?"

"Nitaliweza. Babu, mahindi yamebaki ma–"

Babu akakohoa kikohozi kikubwa ambacho hakikuwa cha mafua. "Hapo hapo. Sijauliza hilo. Unaweza kuniambia kitu kiko wapi na kikoje. Kiko kiasi gani, hilo ni la Bibi yako."

Basi nikachota, nikamtajia kila kitu isipokuwa kiasi. Na sijui nielezeje vizuri, lakini nilitoka mle nikiwa nahema kama mtu aliyekimbia. Nilikuwa nimesema maneno mengi mfululizo na hakuna aliyekuwa ananitazama mdomoni. Kuzungumza na mgongo ni rahisi. Kesho yake nikawa mimi ndiye ninayemwita twende. Nilimwambia ndizi zilizogeuka njano na zilizokuwa bado zimenuna. Nilimwambia kuna buibui ametandika kati ya magunia mawili na sikutaka kumvunjia. Yeye aliuliza, nje, mikono nyuma, na aliuliza kana kwamba namsimulia habari za Ulaya.

Mchuuzi wa mahindi alipokuja na pikapu yake, Bibi alikuwa bado hajarudi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nasikia mna mahindi makavu safi huku. Una kiasi gani?"

"Sijui," Babu akasema.

"Hujui?"

"Mwenyewe amesafiri."

Mchuuzi akacheka. "Mwenyewe si wewe, mzee? Shamba la nani hili?"

"Shamba langu. Mahindi yakiwa shambani ni yangu. Yakivuka kizingiti kile ni ya Mama Eli."

"Sasa si uchungulie kidogo tu. Mama hayupo, nani atajua?"

"Mimi," Babu akasema.

Mchuuzi alinitazama kana kwamba nitamsaidia. "Kumbe mzee unamwogopa mama."

"Namwogopa, ndiyo."

Mchuuzi akaondoka akitikisa kichwa. Mimi niliona aibu, nawaambia ukweli. Niliona aibu kwa niaba ya Babu, mtu mzima, mrefu namna ile, anasema mbele ya mgeni kwamba anamwogopa mke wake. Nadhani iliandikwa usoni, kwa sababu Babu aliniita nikae naye kwenye gogo.

"Uliwahi kulala njaa, Bibi Mdogo?"

Nikatikisa kichwa.

"Mimi nililala njaa mwaka mzima na sikujua. Mvua ilikataa, mama yako akiwa mdogo kama wewe. Kila jioni nilirudi nikakuta chakula, nikala. Nikaona ndizi zinazidi, mahindi yanapungua. Halafu magimbi. Halafu majani majani. Mimi nikawa nalalamika, nikasema Mama Eli, siku hizi umesahau kupika. Hakujibu. Mvua ikarudi, nikavuna, nikatua gunia la kwanza pale kizingitini. Bibi yako akalivuta, likaanguka kule ndani, na chumba kikaitikia." Akanitazama kuona kama nimeelewa. "Chumba chenye kitu hakiitikii. Hakukuwa na chochote mle. Hata punje. Na mimi nilikuwa nimelala usingizi wangu kila siku. Aliyekuwa halali ni yeye. Sasa mtu aliyekubebea njaa hivyo, utaenda kumhesabia magunia?"

Nilikuwa naitoa ile adhabu kichwani mwangu, na ilikuwa kubwa, ilichukua muda kutoka.

Siku iliyofuata Madam aliandika maneno ubaoni na kutuambia tutunge sentensi kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine. Neno langu na la dawati letu lote lilikuwa ghala. Wenzangu wakaanza. Ghala ni kubwa. Ghala la mjomba ni kubwa. Ghala la shule ni kubwa sana.

"Nyie maghala yenu yote makubwa," Madam akasema, akisugua mikono kwa baridi. "Hakuna mwenye ghala lenye watu?" Kisha akaita jina langu.

"Madam, hiyo ni–"

"Lota, nyamaza."

Nikasimama. Nikaona nyuso zote. Nikawaza Kisongo. Nikatoa maneno yaliyokuwa karibu zaidi na mlango.

"Babu yangu haingii ghalani."

Kelele zikakatika. Madam aliweka chaki chini. Alifurahi, niliona, lakini yeye kwao unga hununuliwa na baba na huwekwa jikoni tu, kwa hiyo akauliza alivyoelewa yeye. "Haingii? Kwa nini, aliwahi kuchukua kitu?"

"Mke wake anampiga," Lota akasema, na darasa likalipuka.

Kuna hasira inayowafumba watu mdomo. Yangu siku ile ilifungua. Nilisema Babu hajaiba kitu ghalani. Nilisema shamba ni la Babu na ghala ni la Bibi, na mahindi yakivuka kizingiti yamebadilisha mwenyewe. Nilisema mvua ilipokataa ghala liliisha, Bibi akajua peke yake, akapika majani na hakusema, na Babu akalala usingizi. Nilisema chumba kitupu kinaitikia. Nilisema mtu akikubebea njaa humchungulii ghala, kwa sababu kuchungulia ni kumwambia humwamini. Sauti yangu ilikuwa inaenda tu, kama maji ya mfereji ukishatoa jiwe.

"Na baba yako naye haingii," nikamwambia Lota. "Nimemwona. Anasimama nje anaomba jembe."

Lota akainama kufunga kamba ya kiatu. Niliwaona wengine wakifikiria baba zao, mlango mmoja mmoja. Nadhani walikuwa wameona jambo hilo maisha yao yote na hawajawahi kulitazama.

Madam akakaa kwenye kiti. "Nilikuomba sentensi moja," akasema. "Hilo ghala umelitumia mpaka limechakaa. Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

Bibi alikuwa amerudi kutoka Nduruma nilipofika nyumbani. Alikuwa jikoni, anakoroga, nguo bado zina vumbi la kule chini. Nikamwamkia, na kabla hajaniuliza chochote nikamwambia nimesema darasani. Akataka kusikia nilichosema. Nikamwambia yote, nikiwa nimesimama kama niliposimama shuleni.

"Uliwaambia kilichobaki sasa hivi ni kiasi gani?"

"Hapana, Bibi."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kukoroga. Kisha mwiko ukasimama. "Na habari za mwaka ule, nani alikuambia liliisha?"

"Babu. Alisikia gunia likianguka, chumba kikaitikia."

Bibi akautoa mwiko, akaenda nao mpaka mlangoni. Babu alikuwa kwenye gogo lake, nje.

"Baba Eli. Kumbe ulijua."

"Nilisikia."

"Miaka yote hii."

"Wewe hukuniambia," Babu akasema, bila kugeuka. "Nikaona si yangu kusema."

Bibi alibaki pale mlangoni, mwiko unadondosha. Aliporudi jikoni alifuta macho kwa mkono ule ule wa mwiko, akalaumu kuni mbichi, na kuni zilikuwa kavu kabisa.

"Kuna mtoto amesema wewe unampiga Babu," nikamwambia, ili acheke.

"Mwambie hajakosea sana," Babu akasema kutoka nje.

Tulikuwa tunakula simu ilipolia. Bibi akaiweka mezani kati ya sahani, akaibonyeza kwa kidole kilichonyooka.

"Mama, shikamoo. Umerudi salama? Sasa, kuhusu lile jambo, nimeshaongea na watu wa Kisongo. Wakifunga tu shule nakuja. Au nije hata Jumamosi hii tumalize?"

Nikaacha kutafuna. Babu naye akaacha. Bibi akanitazama, akachota loshoro nyingine, akaniongezea mpaka sahani ikajaa.

"Njoo," akaipigia simu kelele. "Lakini njoo kama mgeni. Mzigo wa kurudi nao utakuwa ndizi."